UZI: Mnaosema anatomia ni ya kufaulia mtihani tu, njooni thieta mnieleze vizuri

SistaWaThieta (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, niko huku kusini, nimezunguka hospitali za Lindi na Mtwara za serikali na za misheni, kazi yangu ni kusimama mezani na kumpa daktari vyombo. Sijasomea kupasua ila nimesimama pembeni ya wanaopasua muda wa kutosha kuwa na maoni yangu na leo nayamwaga.

Kuna hawa madogo wa udaktari wanaokuja mazoezini, nawapenda, wana akili, wanajituma, ila kuna kauli moja imeanza kunikera: eti anatomia, yaani kujua kila kitu kimekaa wapi ndani ya mwili, ni somo la kuvukia mwaka wa pili, ukishavuka sahau, kupasua utajifunzia mkononi. Mmoja kaniambia hivyo huku anavaa glavu!

Sasa niwaambie jambo ambalo manesi wa thieta tunalijua na hatulisemi hadharani. Daktari anayeijua anatomia tunamtambua mapema sana, na wala sio kwa kutaja majina. Tunamtambua anavyoomba vyombo. Anayejua akifika mahali fulani anapunguza mwendo mwenyewe bila mtu kumwambia, anaomba mkasi butu, anapanua tishu kidogo kidogo anatafuta kitu, akikiona anakuonyesha "sista unakiona kile cheupe, kile hatukigusi", ndo anaendelea. Asiyejua anaenda spidi ile ile mwanzo mwisho, damu ikiruka anaita klampu, anabana chochote kilichopo chini ya hilo dimbwi. Wakati damu yenyewe mara nyingi ungeikandamiza na gozi (kitambaa cha kufyonzea damu) dakika chache ukasubiri, ingepungua ukaona unachobana. Watu wanaumizwa na klampu iliyopigwa gizani kuliko hata kisu.

Chukueni kutoa kizazi. Mama kizazi kimepasuka, kaletwa usiku kutoka huko Liwale ndani ndani, barabara mnaijua wenyewe, damu haishikiki, kizazi lazima kitoke. Ateri ya kizazi, yaani mshipa unaokiletea damu, inaingia kutokea pembeni, na chini yake, kama sentimita 2 tu kutoka shingo ya kizazi, unapita mrija unaoshusha mkojo kutoka figo kwenda kibofu. Madaktari wanasema maji yanapita chini ya daraja. Wewe una haraka umebana daraja na maji yake ukafunga na uzi. Ukifunga mrija mmoja mama anaweza asionyeshe chochote, figo la upande huo linakufa kimya kimya. Ukifunga yote miwili mkojo hautoki kabisa. Ukiukata, au ukiuminya nusu nusu, mama anarudi nyumbani zake anapita siku kadhaa anaanza kulowa bila kujua kwanini, mkojo unashuka wenyewe usiku na mchana, mume anahamia chumba kingine, majirani wana maneno yao.

Na aliyesoma akakumbuka hafanyi muujiza wowote. Anautafuta mrija juu kule unapovuka mishipa mikubwa ya nyonga, anaufuata unashuka, akiugusa kidogo unajinyonganyonga wenyewe, mshipa wa damu hauna tabia hiyo. Akishajua ulipo ndo anabana. Kama hali ni mbaya sana anaamua kuiacha shingo ya kizazi asishuke huko chini kabisa, na huo uamuzi wa kuacha nao unatoka kwenye kujua kuna nini huko chini.

Haya karibuni, matusi weka pembeni.

---

DogoIntern

Sista shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao madogo, sio huyo wa glavu ila tunafanana haha. Ngoja nitetee upande wetu.

Kwanza anatomia wengi tulifundishwa vibaya. Maiti moja imezungukwa na wanafunzi kibao, formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inawasha macho, waliowahi mbele wanaona, sisi wa nyuma tunaangalia migongo ya wenzetu, halafu mtihani unakuja utaje matawi yote ya ateri ya usoni kwa mpangilio. Nikayameza, nikayaandika, yakaondoka. Leo niulize hata matatu sina.

Pili siku hizi siti skani zimeshuka mikoani, altrasaundi zipo, simu yangu ina programu inanigeuzia mwili wote pande zote.

Tatu ndo hoja yangu kubwa. Opareshini nyingi za wilayani nchi hii zimefanywa na ma-AMO, yaani madaktari wasaidizi, sio mabingwa. Hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, Msumbiji, toka 1984 walianza kusomesha mafundi wa upasuaji ambao hata sio madaktari, wakawapeleka hospitali za vijijini wakapasua akina mama, na watafiti walipolinganisha kazi yao na ya madaktari bingwa wa uzazi hawakukuta tofauti kubwa. Hao hawakukaa miaka na maiti. Sasa hiyo anatomia ya kina inaongeza nini?

---

AMO Mstaafu

Dogo umeniita kwa jina la kazi nimekuja. Nimestaafu nipo Nachingwea na mikorosho yangu.

Ulichosema ni kweli ila umekigeuza. Sisi majina ya ateri za usoni hatukuyajua na mpaka leo siyajui. Ila tumbo la chini la mama mjamzito tulilijua kuliko nyumba zetu. Ngozi, mafuta, ala ya misuli, misuli yenyewe huikati unaitenganisha katikati, utando wa tumbo, halafu unakishusha kibofu ndo unaipata sehemu ya chini ya kizazi. Rahisi kuandika hivyo. Sasa mama ameshinda na uchungu siku mbili mtoto amekwama, kibofu kimevutwa kimepanda juu hakipo pale kitabu kilipokiweka, kwahiyo utando unaufungua juu zaidi, ukiufungua chini unaingia kwenye mkojo. Na kizazi chenye mimba kubwa mara nyingi kimejizungusha kuelekea kulia, usipokinyoosha kwanza, mkato unaodhani upo katikati kumbe umeegemea kushoto, ukitanua kidogo unakutana na mishipa ya pembeni na hapo utajua hujui.

Hiyo ni anatomia ya kina au sio ya kina? Wale wa Msumbiji kufanikiwa kwao ni ushahidi wa sista sio wako. Walipewa eneo dogo wakalijua mpaka mwisho wake, na kilichokuwa nje ya eneo lile walipeleka rufaa. Mimi mwenyewe nikifungua tumbo nikakuta kitu sikielewi nilikuwa naweka gozi, nafunga, nawasha gari kwenda Ndanda au Mtwara mjini. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuendelea.

---

Mmakonde Original

Nyie wataalamu mnajikweza sana. Ngariba wetu jandoni hakusoma anatomia wala nini na vizazi na vizazi tumetahiriwa porini mbona tuko salama tu hapa?

---

AMO Mstaafu

Mlio salama ndo mnaoandika humu, mkuu. Wengine walikuja kwangu usiku wamefungwa kanga inachuruzika. Kale kamshipa ka upande wa chini, pale kwenye kikamba, kanavuja mpaka mtoto anazimia. Na ngariba wazuri wanakajua, nimekaa nao, wanajua pa kuvuta na pa kutogusa, ila jina lake hawana. Kwahiyo na wao wana anatomia yao.

---

Baba wa Shangani

Naomba niulize kitu cha kikwetu zaidi. Huku pwani mabusha yamejaa, kuanzia Kilwa mpaka huku kwetu kila mtaa una mzee anatembea kwa shida. Serikali imekuwa inaleta kambi za kupasua bure. Mjomba wangu anagoma, anasema akipasuliwa atakuwa hanithi, au watakata kisichokatwa. Hivi busha nalo lina anatomia ngumu? Si kutoa maji tu?

---

SistaWaThieta

Baba wa Shangani umeuliza swali zuri kuliko la madaktari wote. Kaa nikueleze na mjomba umsomee.

Korodani inakaa ndani ya kifuko chembamba cha tabaka mbili. Minyoo ya matende inayoletwa na mbu ikiharibu mirija ya limfu (majimaji ya mwilini), maji yanajaa katikati ya hizo tabaka mbili, ndo busha. Maji ukiyanyonya na sindano yanarudi, kwasababu kifuko bado kipo, na kila sindano unakaribisha uchafu na damu. Ndo maana linapasuliwa, kifuko kinatolewa.

Sasa ugumu. Kwanza, je ni busha kweli au ni ngiri, utumbo umeshuka? Watu wa mtaani wanaviita vyote ngiri, na kuna wenye vyote viwili kwa pamoja. Daktari anashika juu ya uvimbe, kwenye shingo yake: vidole vikikutana juu na kinachobaki ni kamba ya korodani tu, uvimbe umeanzia chini, hilo ni busha. Vidole visipokutana, kitu kinatoka tumboni. Halafu tochi, maji yanapitisha mwanga. Ila mabusha yetu haya ya miaka mingi ukuta umekuwa mnene kama ngozi iliyokomaa, tochi haipitishi kitu, kwahiyo anayetegemea tochi peke yake siku moja atakata utumbo wa mtu.

Pili, busha likikua sana linatawanya vitu. Korodani kwa kawaida inasukumwa nyuma, kwahiyo unafungulia mbele, sawa. Lakini ile mirija ya mbegu na kile kikofia cha korodani vinavutwa vinakuwa bapa vimejilaza kwenye ukuta wa kifuko, havifanani tena na picha ya kitabuni. Asiyejua anakata kifuko chote mpaka pembeni kabisa na humo humo anakata mrija wa mbegu, au mshipa unaolisha korodani. Anayejua anaacha ukingo kuzunguka korodani. Halafu ngozi ya pale ni legelege, tishu yake haijibani yenyewe, mshipa mdogo sana ukiuacha unavuja, kesho yake mgonjwa ana uvimbe wa damu mkubwa kuliko busha alilokuja nalo. Ndo maana wale wazuri unawaona wanachukua muda mrefu kukausha damu kuliko kukata.

Mjomba wako, uume wake kusimama hakutegemei kile kifuko. Neva na mishipa inayohusika inapita kwingine kabisa. Mwambie aende, ila aende mahali watakapomshika shika kwanza na kumuuliza, sio wanaotazama kwa mbali wanaandika.

Na kwa madogo: kama kwenye korodani kuna uvimbe mgumu unaodhaniwa saratani, msikate kupitia ngozi ya pale, mnapitia kinena. Sababu ni anatomia tupu. Limfu ya korodani inapanda moja kwa moja tumboni juu karibu na mshipa mkuu, limfu ya ngozi ya mfuko inaenda kwenye tezi za kinena. Ukikata ngozi umeifungulia saratani njia ya pili. Nani atakumbuka hilo kama limfu aliiruka chuoni?

---

Baba wa Shangani

Asante sista. Nimemsomea mpaka pale kwa mshipa unaolisha korodani akanyamaza. Pale kwa neva akauliza kambi inakuja lini.

---

Ustaadh wa Mikindani

Mabibi na mabwana hii mada ni ya zamani mno. Yule tabibu wa Cordova, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alipoanza kufundisha upasuaji alilalamika hivi hivi kwamba wanaoshika visu zama zake hawaijui anatomia. Akatoa visa alivyoviona: tabibu kampasua mwanamke uvimbe shingoni akakata mishipa, damu ikamtoka mpaka akafa mikononi mwake. Mwingine kamtoa mzee jiwe kubwa la kibofu na kipande cha kibofu kikaja nalo, mzee akafa siku ya tatu. Miaka elfu moja hiyo na malalamiko ni yale yale, shingo na kibofu.

---

Mkasi Butu

Mimi ni daktari wa upasuaji, nipo kanda hii, naomba niishie hapo kujitambulisha.

Ustaadh amesema shingo, na shingo ndo inanifanya niamini sista yuko sahihi. Kuna neva inaenda kwenye misuli ya kupandisha bega, inapita nyuma ya shingo juu juu tu chini ya ngozi. Mtu anakuja ana tezi imevimba, inahisiwa TB, anaambiwa tutoe kidogo tupime, opareshini ndogo, anapewa aliye mdogo kuliko wote aifanye kwa ganzi ya sindano. Kutoa tezi hapo ndo njia inayoongoza duniani kwa madaktari kuikata hiyo neva. Mgonjwa anarudi hawezi kuinua mkono juu ya bega, na kama ni mvuvi wa kuvuta jarife kazi imeisha. Opareshini ndogo haina maana ya anatomia ndogo.

Na tezi ya koo, rovu. Neva za sauti zinapanda nyuma yake. Ya kushoto imeshuka mpaka kifuani imezunguka upinde wa ateri kuu ndo ikapanda, ya kulia imezunguka mshipa unaoenda mkononi. Ukiikata moja sauti inakwaruza, zote mbili mgonjwa anakosa hewa hapo hapo mezani. Halafu kuna watu wachache, chini ya mmoja kwa mia, neva yao ya kulia haikuzunguka kitu, imekuja moja kwa moja kutoka pembeni, kwahiyo aliyekariri tu "inapanda kutoka chini" anaikata akidhani ni uzi wa tishu.

DogoIntern hapo ndo siti skani yako inapoishia. Itakuonyesha rovu limesukuma koo kiasi gani, na kama mshipa wa mkono umepita njia isiyo ya kawaida itakuonya. Neva yenyewe haikuonyeshi. Inabidi uitafute kwa macho.

Kisa kimoja cha historia nakipenda. Karne ya 19 Ulaya Billroth na Kocher wote walikuwa mabingwa wa rovu. Wagonjwa wa Billroth baadhi walipata degedege, mikono inakakamaa. Wa Kocher hawakupata hilo, ila baadaye walivimba wakapungukiwa akili. Kocher alikuwa mtaratibu mno, alitoa tezi yote safi kabisa bila kuharibu vya jirani, ndo maana mwili ukakosa homoni ya rovu. Billroth alikuwa na haraka, alibakiza vipande vya rovu na akaondoka na vitezi vinne vidogo vya nyuma yake ambavyo wakati ule karibu hakuna aliyevijua, Sandström wa Sweden alikuja kuvieleza kwa binadamu mwaka 1880. Kocher akapewa Nobel 1909. Mikono miwili, tezi moja, madhara tofauti, na yote yanasomeka kwenye nani aligusa nini.

Ila sista nikupinge kidogo. Unaongea kama vile anayejua haumizi. Anatomia ya kitabuni ni ya mtu wa wastani, na mtu wa wastani hajawahi kulala kwenye meza yangu. Ateri ya kulia ya ini, kwa karibu mtu mmoja kati ya saba inatokea kwingine kabisa. Kwenye mfuko wa nyongo wanaoumizwa wengi hawaumizwi na mjinga, wanaumizwa na mtu aliyeona mrija mkuu wa nyongo akauamini kuwa ndo ule mdogo wa mfuko, yaani aliona alichotegemea kuona. Ndo maana toka 1995 daktari wa upasuaji Strasberg na wenzake walisisitiza usikate chochote mpaka usafishe eneo lote uone vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko. Hiyo ni sheria ya kumlinda daktari na ujuzi wake mwenyewe.

---

SistaWaThieta

Dokta nakubali, wajuaji wenye haraka nimewaona pia, na hao ni wabaya zaidi sababu huwezi kuwauliza. Ila usiwape madogo kichaka cha kujificha. Huyo wa nyongo kutilia shaka ameweza kwa sababu anajua kuna mirija miwili ya kuchanganya. Asiyejua hata shaka hana.

---

DogoIntern

Basi nimesalimu amri nusu. Nusu nyingine naing'ang'ania: vyuo viache kutukaririsha mwili wote kwa mkupuo mwaka wa kwanza halafu hakuna anayeturudisha tena. Anatomia irudiwe tukiwa mazoezini, kwa opareshini, huku mgonjwa yupo.

Sista kesho nina zamu kwako, nije na nini?

---

SistaWaThieta

Hiyo nusu hata mimi nakuunga mkono. Kesho listi ina ngiri mbili na busha. Leo usiku usisome kurasa hamsini. Chukua karatasi, chora mfereji wa kinena bila kuangalia popote, ukuta wa mbele nini, wa nyuma nini, neva gani inapita humo, mishipa ya tumbo la chini iko upande gani wa tundu la ndani. Ukikwama ndo fungua kitabu. Nitauangalia mchoro kabla hujavaa gauni, usipokuwa nao utashika kifyonza damu.

---

DogoIntern

Sawa sista. Ila mfereji wa kinena una kuta ngapi vile?

---

AMO Mstaafu

Nne dogo. Sakafu na paa umezihesabu? Haya toka humu kachore.